Musa bin Maimun aliandika kwa Kiarabu, na hakumsaliti mtu

Kila mjadala wa Kiswahili na sayansi unapopamba moto, hakosi mtu wa kudai kwamba msomi anayeandika kwa lugha ya wengine amewatupa watu wake. Huwa namtajia Musa bin Maimun.

Alizaliwa Córdoba, Hispania, akafia Misri mwaka 1204, akiwa tabibu wa wakubwa wa dola na kiongozi wa Wayahudi wenzake. Vitabu vyake vya tiba, cha pumu, cha sumu, cha bawasiri, ni vya Kiarabu. Falsafa yake pia ni ya Kiarabu, ila kwa herufi za Kiebrania, kama wazee wa pwani walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mkusanyo wake mkubwa wa sheria za dini ndio alioutunga kwa Kiebrania. Aliangalia nani atasoma, basi.

Watu wa Kiarabu alikuwa nao kila siku. Katika barua ya mwaka 1199 anasimulia: asubuhi hutoka Fustat, mji alikoishi jirani na Cairo, kwenda kwa Sultani Cairo, hurudi mchana umepinda, njaa inamuuma, na kukuta ukumbi umejaa Wayahudi na wasio Wayahudi, wakubwa kwa wadogo. Hushuka kwenye mnyama, hunawa mikono, huwaomba radhi ale kidogo, kisha huwaandikia dawa hadi usiku, mwisho akiwa amelala chali kwa uchovu. Kiarabu kilikuwa chake sawa na walivyokuwa nacho Waislamu na Wakristo wa mji ule. Usaliti uko wapi?

Tena Kiebrania nacho kilipata sayansi yake, bila azimio la mkutano wowote. Lunel, kusini mwa Ufaransa, waliishi Wayahudi wasiojua Kiarabu lakini wenye hamu ya vitabu, na wenye uwezo wa kumfadhili mfasiri. Judah ibn Tibbon, mzaliwa wa Granada, akawafasiria, huku akilalamikia uhaba wa maneno wa Kiebrania. Mwanawe Samuel ndiye aliyefasiri falsafa ya Musa, akaimaliza takriban majuma mawili kabla ya Musa kufariki. Neno lilipokosekana alikopa la Kiarabu au akaunda jipya, wasomaji wakatatizika.

Ndiyo maana orodha za istilahi zinazotangulia vitabu hazinipi matumaini makubwa. Samuel alifasiri kwanza. Kamusi ya kufafanua maneno yake mageni aliiandika mwaka 1213.