Kidonge cha damu na chai ya rangi

Wifi yangu alirudi kutoka kliniki na kadi iliyoandikwa damu 8.6. Mimba ilikuwa ya miezi sita, na mjamzito anatakiwa asishuke chini ya 11. Nilimkuta kwake Kibirizi, Kigoma, ameketi barazani, pembeni kuna mfuko wa rozela kavu na chupa ya soda nyekundu, ile ambayo akina mama huambiana inaongeza damu kwa sababu ya rangi yake.

"Wifi, nimeambiwa nile matunda, maini na nyama," akaniambia. "Hela ya maini kila siku huyu kaka yako ataitoa wapi?"

Nyuma yake, juu ya kichanja, walikuwa wameanikwa dagaa wa kuuza. Hawakupungua madebe mawili.

Hapo ndipo ninapogombana na ushauri tunaopewa. Bango la kliniki lina tufaha na zabibu. Ukimwambia mwanamke wa Kibirizi au Katonga ale mlo kamili huku ukimwonyesha tufaha, ataondoka akiamini mlo kamili ni wa watu wa Dar es Salaam. Dagaa wake analiwa mzima, na kichwa chake na miba yake. Ana protini, ana madini chuma, na ile miba laini ina kalsiamu. Tena madini chuma ya samaki hufyonzwa mwilini kirahisi kuliko ya mboga za majani, na samaki akiliwa pamoja na mboga huisaidia nayo ifyonzwe. Sombe, yaani majani ya muhogo, na dagaa kwenye sahani moja! Bibi zetu walipika hivyo kabla bango halijabandikwa.

Nikamuuliza kama vidonge vya damu, vile vya madini chuma, anavimeza.

"Navimeza, wifi. Kila asubuhi, sikosi."

"Unavimeza na nini?"

"Na chai."

Alinionyesha birika. Chai ya rangi, majani yamechemka mpaka yakawa mekundu ya kuelekea weusi, kama tunavyoipenda. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Chai ina vitu vinavyoshikana na madini chuma humo humo tumboni, sehemu kubwa ikapita bila kuingia kwenye damu. Chai ya maziwa nayo haina nafuu. Kidonge kinataka maji, na kama kuna ndimu kamulia, kwa sababu vitamini C hufanya kinyume cha chai. Birika lisubiri saa moja au mbili baada ya kidonge, na vivyo hivyo baada ya chakula. Miezi miwili wifi yangu alikuwa anatimiza agizo kwa uaminifu, na kikombe kinamwibia.

Na yeye ana afadhali. Wapo wanaovitupa chooni, kwa sababu vinawatia kichefuchefu, vinawafungisha choo, tena choo chenyewe kinakuwa cheusi, mtu anadhani ameoza tumbo. Weusi ule ni wa kidonge tu. Kumwambia mtu hilo ni kazi ya nusu dakika.

Rozela siichukii. Lakini haiwezi kukaa mahali pa kidonge wala pa chakula, na soda ni sukari yenye rangi.

Nikakaa mpaka chakula cha usiku, na hapo nikaona jambo ambalo nimelikulia bila kuliona. Ugali wa muhogo, sombe ya mawese, migebuka miwili, samaki wa ziwa letu. Kaka yangu akapewa kipande cha kati, kinene. Watoto wakagawana mgebuka wa pili. Mama yangu, ambaye ni mkwe wa nyumba, akawekewa kichwa kwa heshima yake. Wifi, mwenye mimba, aliyeamka saa kumi kwenda kupokea dagaa wa mitumbwi ya usiku, akabaki na mkia, kisha akalifuta sufuria kwa tonge. Hakuna aliyemnyima. Hakuna hata aliyeangalia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshamaliza sahani yangu nilipogundua.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta wanawake kama 45 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Malaria inahusika, na mkoa wetu unaijua vizuri, minyoo pia, ndiyo maana chandarua na dawa za kliniki si za kuruka. Lakini siamini kwamba mkia wa mgebuka hauna mkono wake humo. Na chakula kikipungua, sahani ya mama ndiyo inayopungua kwanza. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuvuliwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwenye nyumba nyingi baba aliendelea kupata kitoweo. Waulize akina mama walipata nini.

Nilimwambia kaka yangu pale pale, mbele ya mama. Nikasema damu 8.6 haipandi kwa dagaa peke yake, vidonge ndivyo vyenye kazi kubwa, lakini mtu anayebeba wawili hawezi kula mabaki ya mmoja. Akanyamaza, akasogeza sahani yake. Mama akasema, "Mwanangu, sisi tulizaa saba kwa mkia huo huo." Nikamkumbusha kwamba wa tatu alimzaa akaongezewa damu hospitali. Akaangalia pembeni.

Nilipaswa kuishia hapo. Nikamgusia na mawese yake. Mama huyaweka jikoni mpaka yatoe moshi na wekundu wote uondoke, maana mafuta mekundu, anasema, ni ya kishamba na yananuka. Ule wekundu ndio mwili unaougeuza kuwa vitamini A, ile ile ambayo watoto wa kuanzia miezi sita hadi miaka mitano hudondoshewa mdomoni kila Juni na Desemba. Tunaichoma jikoni, halafu tunapanga foleni kuifuata. Sisemi watu wanywe mawese, ni mafuta mazito, kijiko kinatosha sufuria dogo. Ila kijiko hicho kiwe chekundu.

Wifi alipima tena baada ya wiki tano, akakuta 10.1. Siku hizi mama ndiye anayempakulia, tena anampa kipande cha kati na kumsimamia mpaka amalize, na birika analificha hadi saa nne asubuhi. Mawese bado anayaunguza. Jana nimeukuta moshi umejaa mpaka barazani, tukaanza tena.