Nani kawaambia mbinguni hakuna fundi cherehani?

Juzi kwenye group la ukoo mpwa wangu mmoja, msomi, mvaa tai hata Jumamosi, alirusha kipande cha video. Mama wa makamo yuko stendi, kanzu ya bluu, kitambaa kichwani, rozari imeshuka hadi tumboni. Anayemrekodi anamuuliza kwa sauti ile ya uchokozi: mama, hii sare umeitoa wapi? Mama wa watu anajibu bila wasiwasi kwamba alioteshwa. Bikira Maria alimjia usiku, akamkabidhi kanzu ya rangi hiyo, akamwambia aivae. Video inaishia kwenye kicheko. Mpwa wangu akaongeza la kwake: "Kumbe mbinguni kuna fundi cherehani?" Vikafuata vikaragosi vya kucheka hadi machozi, kutoka kwa watu ninaowajua kwa majina na kwa ndoto zao.

Nasema kwa ndoto zao kwa sababu huu ni ukoo uleule ulioahirisha harusi miezi miwili baada ya bibi kuota mto wa maji machafu. Hakuna aliyecheka siku ile. Mjomba mwenye digrii mbili ndiye aliyepiga simu kwa watu wa ukumbi.

Sisi wa Mara tumekua na Legio Maria, kanisa la mama yule, lililojitenga na Katoliki huko Kenya. Rorya, Shirati, hadi huku Musoma mjini, Jumapili zetu zimepakwa rangi zao: nyeupe, bluu, nyekundu, kijani, njano. Mtoto wa Legio uliyeketi naye dawati moja alikwambia bila kuona haya kwamba rangi ya mama yake ilitoka kwa mtakatifu fulani au malaika fulani, kwa ndoto au kwa njozi ya wenye karama kanisani. Kwetu lilikuwa jambo la kawaida kama kusema shangazi kahamia Mwanza. Kwa hiyo nilipoona kile kicheko nilikasirika kuliko nilivyotarajia, na makala hii nimeiandika kabla hasira haijapoa.

Hebu tumfuate huyu mama asubuhi ya ndoto yake. Anaamka mikono mitupu. Kanzu aliyopewa haipo kitandani. Alichonacho ni deni: atafute hela, anunue kitambaa, aende kwa fundi, kanzu ibarikiwe, kisha aivae mbele ya watu kama mpwa wangu. Aachane na pombe na tumbaku, maana Legio hawana mchezo kwenye hayo. Nikikupa zawadi ya namna hiyo mchana, utanishukuru kweli? Anayedhani watu hubuni ndoto za namna hii ili wapate kitu, aende akaangalie bei ya kitambaa sokoni.

Halafu kuna swali ambalo wasomi wetu hawaulizi kamwe: kanzu ilikuwa ya nani kabla ya ndoto hizi?

Turudi miaka ya mwanzo ya 1960, upande wa Nyanza ya Kenya. Kanzu ya ibada ni ya padri, na padri karibu kila mara ni mzungu. Ukiitaka, unahitaji seminari, Kilatini, barua ya askofu, na uwe mwanaume asiyeoa. Hapo ndipo wanatokea waanzilishi wa Legio, Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, binti aliyekuwa na umri wa miaka ishirini hivi, amefiwa na watoto wake. Mwaka 1963 Aoko anazunguka vijijini akibatiza na kuombea watu, na watu wanamfuata kwa maelfu. Nani alimpa ruhusa? Ondeto naye, kanisa gani lilimtuma? Hakuna ofisi duniani ambayo ingewagongea muhuri. Ilibaki ndoto, na ndoto haikuwauliza vyeti.

Hoja yangu ndiyo hiyo, na nitaing'ang'ania hadi mnichoke. Ukiangalia dini zilizozaliwa Afrika katika karne ya 20, vitu ambavyo watu walioteshwa ni vilevile vilivyokuwa vimefungiwa kabatini kwa mmisionari. Kanzu. Nyimbo. Kitabu. Dawa. Jina. Sijasikia mtu wa Legio aliyeoteshwa jembe, kwa sababu jembe alikuwa nalo.

Chukueni nyimbo. Mhubiri Simon Kimbangu alianza kuponya watu Nkamba, Kongo ya Wabelgiji, Aprili 1921. Kufikia Septemba alikuwa amekamatwa. Akahukumiwa kifo, mfalme wa Ubelgiji akaibadili hukumu kuwa kifungo cha maisha, na mzee akakaa gerezani miaka thelathini, hadi alipofia Lubumbashi mwaka 1951. (Lubumbashi hiyohiyo ya Kiswahili. Nimewahi kujiuliza kama walinzi walimfokea kwa lugha yetu.) Ule muda wake wa uhuru wa miezi michache, Wakimbangu, yaani wafuasi wake, husimulia kwamba nyimbo zilikuwa tatizo. Vitabu vya nyimbo vilikuwa vya misheni, na misheni haikutaka vitumike kwa mikutano ya mtu asiyetumwa. Basi zikaanza kuja nyimbo kutoka juu. Mtu analala, anasikia kwaya ya malaika, anaamka anaimba. Mpaka leo kanisa lile, ambalo serikali ya kikoloni ililitambua mwaka 1959 baada ya kulipiga marufuku kwa miongo, linapokea nyimbo kwa njia hiyo, na mpokeaji anaweza kuwa mtu yeyote, hata mama asiyejua kusoma noti hata moja.

Na kitu kinachonifurahisha: wimbo ulioletwa na ndoto hauingii ibadani moja kwa moja. Kuna watu kanisani ambao kazi yao ni kuusikiliza, kuuchuja, kuangalia kama mafundisho yamekaa sawa. Ndoto inapita kwenye kamati! Mpwa wangu anayesema "basi kila mtu aamke adai lolote" angeshangaa kuona Wakimbangu wana ukaguzi mkali kuliko kwaya yetu ya parokia, ambako mwalimu wa kwaya akishatunga ameshatunga, na sisi tutaimba beti nane za kumsifu mfadhili wa vinanda.

Kutoka kwenye ndoto hizo likazaliwa jambo ambalo hata wachekaji huwa wanalishangilia wakisahau limetoka wapi. Mwaka 1994 Armand Diangienda, mjukuu wa Kimbangu, rubani aliyepoteza kazi, alianzisha okestra ya simfoni mjini Kinshasa. Walianza na vyombo vichache vya kupokezana. Uzi wa fidla ukikatika waliweka waya wa breki ya baiskeli. Leo wanapiga Beethoven na watu wa Ulaya wanasimama kuwapigia makofi. Basi hapo ni "vipaji vya Afrika", ni "ubunifu". Bibi zao walipoamka na nyimbo za malaika ilikuwa ushamba.

Isaya Shembe, nabii mwanzilishi wa kanisa Uzuluni, Afrika Kusini, vivyo hivyo. Shule alikuwa nayo kidogo sana, nyimbo alikuwa nazo nyingi ajabu. Alipofariki mwaka 1935, kwa mujibu wa wafuasi wake, nyimbo hazikukoma: aliendelea kuzileta. Kitabu cha nyimbo za kanisa lake kilipochapwa mwaka 1940, zimo na hizo za baada ya kifo. Mtunzi gani wa kwetu ana bidii hiyo?

Najua mtaniletea Alice Lenshina. Haya, nimlete mwenyewe. Mwaka 1953, Chinsali, kaskazini ya Zambia ya leo, mwanamke wa kijijini alisema amekufa, amefika kwa Yesu, akapewa kitabu na kurudishwa. Hiyo si ndoto hasa, lakini iko jirani. Akaleta na nyimbo za Kibemba zenye mahadhi ya Kibemba, na watu waliochoshwa na tenzi za Kiskoti zilizotafsiriwa wakamiminika. Kanisa la Lumpa likawa kubwa kiasi cha kuwatisha wamisionari, kisha machifu, kisha chama kilichokuwa kinajiandaa kutawala. Mwaka 1964 yakatokea mapigano na vyombo vya dola, mamia ya watu wakauawa. Ni kweli, zawadi ya mbinguni iliishia kwenye damu. Sitaki kuipaka chokaa habari ile. Lakini mkitaja damu ya Lumpa mtaje na bunduki zilikuwa upande gani kwa wingi.

Sasa Loliondo. Mlikuwa mnaisubiri.

Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu, wa kijiji cha Samunge, Loliondo. Alisema Mungu alimwotesha dawa: mizizi ya mti wa mugariga, ichemshwe, kikombe kimoja, shilingi 500, na lazima kitoke mkononi mwake. Machi 2011 foleni ya magari ilihesabiwa kwa makumi ya kilomita. Mawaziri walikwenda. Wabunge walikwenda. Helikopta zilitua. Mapadri, masheikh na madaktari walikwenda, wengine usiku ili wasionekane. Katika hao wote waliokunywa kikombe cha ndoto, hebu niambieni ni wangapi leo wanacheka kanzu ya ndoto. Mpwa wangu alikuwa shule ya msingi. Wazazi wake waliuza ng'ombe kwa ajili ya nauli. Nilimkumbusha kwenye group. Ametulia kidogo.

Shilingi 500 wakati ule ilikuwa kama bei ya soda. Nauli ndiyo iliyotajirisha watu, na hao wenye magari hawakuoteshwa chochote, walipiga hesabu tu.

Nitakubali, kwa shingo upande, kwamba Loliondo ilituumiza. Makumi ya wagonjwa walifia foleni, wengine wametolewa wodini na ndugu zao wakapakizwa kwenye Land Cruiser. Wapo walioacha ARV. Wapo walioacha insulini. Hapo sina utetezi, na anayeniambia "lakini imani yao" nitamwomba anyamaze. Kanzu ya bluu haijawahi kumwua mtu. Dawa ni kitu kingine, na dawa iliyoletwa na ndoto inapaswa kupita maabara kama wimbo wa Kimbangu unavyopita kwa wachujaji. Malaika mwenye dawa ya kweli hatakasirishwa na kipimo.

Nitakubali na la pili, kwa kuwa lipo mbele ya macho yetu kila ukiwasha televisheni. Baada ya Babu waliibuka wengine Mbeya, Tabora na kwingineko, kila mmoja na kikombe chake. Na sasa tuna manabii wa mjini ambao kila mwezi wanaoteshwa bidhaa mpya: mafuta, chumvi, maji, stika ya kubandika kwenye gari. Ajabu ni kwamba mbingu yao inajua bei ya soko na namba ya kulipia kwa simu. Hao wachekeni mpaka mbavu ziume, nitawasaidia. Ila mbona hamuwacheki? Nabii mwenye gari la kifahari mnamwita "mtumishi" na mnasimama akiingia. Mnamsubiri mama wa stendi, mwenye kanzu aliyoilipia mwenyewe, ndiyo mnapata ujasiri wa kutoa simu na kurekodi.

Wakristo wenzangu, Biblia yenu ina Yakobo, Danieli, na Yusufu wawili, wote waotaji. Waislamu wenzetu nao wanaswali istikhara, sala ya kuomba mwongozo, na wanayo Hadithi kwamba ndoto njema ni sehemu mojawapo kati ya arobaini na sita za unabii. Sijui mnapata wapi nguvu ya kuwacheka wengine, lakini tuache hilo.

Legio wenyewe nao nina neno nao, wasidhani nimekuja kuwapamba. Mlianza kama watu waliovunja mlango. Roma ilipoanza kuachia Kilatini baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, nyinyi mkakishika, na nakiri nimesimama nje ya kanisa lenu nikasikiliza Kilatini kile chenye lafudhi ya Kijaluo na kikanipendeza kuliko nilivyotaka. Mkaweka mapadri, maaskofu, makardinali, na papa. Sawa, ni haki yenu. Lakini Aoko yuko wapi katika ngazi hiyo? Yule binti aliyebatiza maelfu mwaka 1963 alikuwa kando kabla muongo haujaisha, na waliobaki kwenye madhabahu ni wanaume. Mwanamke wa Legio anaweza kuoteshwa kanzu ya rangi yoyote. Akioteshwa kalisi, kikombe cha divai ya misa, ataambiwa kalisi ni ya wanaume. Kule kijijini nimewauliza wazee wenu wawili watatu kuhusu hili, kwa adabu zote, na shikamoo juu. Mmoja alinijibu kwamba Bikira Maria hawezi kumwonyesha mwanamke kitu kama hicho. Nikamuuliza, ikiwa amemwonyesha, je? Akasema basi ndoto hiyo haikutoka kwake.