Taa Mtoni, Kengele Mnarani: Nani Hukumbukwa Hiroshima na Nagasaki?

Tarehe 9 Agosti 2025, ilipotimu saa tano na dakika mbili asubuhi, kengele mbili za Kanisa Kuu la Urakami mjini Nagasaki zililia pamoja kwa mara ya kwanza tangu bomu la atomiki lilipolibomoa kanisa hilo miaka 80 iliyotangulia. Moja ilifukuliwa kifusini ikiwa nzima. Ya pili iliharibika, na mnara wake ukakaa bila kengele hadi Wakatoliki wa Marekani walipochanga fedha za kutengeneza nyingine, wakihamasishwa na mwanazuoni James Nolan, ambaye babu yake alikuwa daktari katika mradi uliounda bomu lenyewe. Tendo hilo la upatanisho linagusa moyo, na ndiyo maana linastahili kuulizwa swali gumu: je, sanaa na ibada za pamoja hutusaidia kukumbuka yaliyotendwa, au hutuliwaza hadi tukasahau nani alimtenda nani?

Hoja ya wanaozitetea ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Katika Bustani ya Amani ya Hiroshima kuna kilima cha udongo kinachohifadhi majivu ya watu wapatao 70,000 ambao hawakutambuliwa, au ambao hawakuachiwa ndugu wa kuwachukua. Katiba ya Japani iliyoanza kutumika mwaka 1947 inaikataza serikali kuendesha shughuli za kidini, na kwa hiyo hafla rasmi ya jiji, inayofanyika kila tarehe 6 Agosti, ina dakika ya ukimya, hotuba na njiwa wanaorushwa, lakini haina sala. Kuwaombea wafu kumebaki mikononi mwa Washinto, Wabudha na Wakristo wanaokutana asubuhi hiyo kwenye kilima. Majivu hayana dini inayoweza kusomwa juu yake, na kuyaombea kwa desturi ya dini moja tu ni kumwingiza marehemu katika imani ambayo pengine hakuwa nayo. Hapo ibada ya pamoja si adabu ya kidiplomasia, bali ni njia pekee ya haki iliyopatikana.

Sanaa nayo ilibeba kazi ambayo kamera haikuifanya. Picha zilizopigwa ndani ya Hiroshima siku ile ya bomu na mpigapicha wa gazeti, Matsushige Yoshito, ni tano tu, kwa sababu, kama alivyoeleza baadaye, alishindwa kubonyeza kamera mbele ya watu waliokuwa wakifa. Kisha majeshi ya Marekani yaliyoikalia Japani yakabana habari za bomu kwa miaka kadhaa. Wachoraji Maruki Iri na mkewe Toshi walionyesha paneli yao ya kwanza ya Hiroshima mwaka 1950, kabla ya majeshi hayo kuondoka. Mwaka 1974 mzee mmoja manusura alipeleka mchoro wake katika kituo cha utangazaji cha NHK mjini humo, na tangazo lililofuata likaleta michoro zaidi ya 2,000 ya watu ambao wengi wao hawakuwa wasanii kabisa. Ni ushahidi, tena wa aina ambayo mwanahistoria mwangalifu hawezi kuutupa.

Wanaopinga hawakosi hoja. Shutuma yao kubwa ni kwamba sala na taa za karatasi zinazoelea katika Mto Motoyasu huyafanya mauaji yaonekane kama gharika: watu walikufa, tuhuzunike, twende nyumbani. Mfano mzito zaidi ulitoka Urakami kwenyewe. Katika misa ya wafu ya Novemba 1945, Daktari Nagai Takashi, aliyempoteza mke wake kwa bomu hilo, alisema kwamba mawingu yaliyoufunika mji wa Kokura, uliokuwa umelengwa kwanza, na kuielekeza ndege Nagasaki yalikuwa maongozi ya Mungu, na kwamba waumini wa Urakami, ambao wapatao 8,500 kati ya 12,000 waliuawa, walikuwa sadaka ya kuteketezwa iliyovimaliza vita. Mtu aliyefiwa hahukumiwi kwa namna anavyojifariji. Lakini wakosoaji wa baadaye waliona sawasawa kwamba maneno hayo yaliwaondolea lawama walioamuru bomu na pia watawala wa Japani waliochelewesha kusalimu amri. Papa Yohane Paulo wa Pili alipofika Hiroshima mwaka 1981 na kutamka kwamba vita ni kazi ya binadamu, baadhi ya Wakatoliki wa Nagasaki walijisikia wametuliwa mzigo.

Shutuma nyingine inatoka kwa majirani wa Japani na kwa askari wa zamani wa Marekani: kumbukumbu hii huanza saa mbili na robo asubuhi ya tarehe 6 Agosti, kana kwamba mauaji ya Wachina mjini Nanjing na shambulio la Pearl Harbor dhidi ya Marekani, yote yaliyofanywa na Japani, hayakuwahi kuwapo. Mwaka 1995 vyama vya askari hao, vikiungwa mkono bungeni, viliilazimisha Taasisi ya Smithsonian mjini Washington kufuta maonyesho ambayo yangeiweka Enola Gay, ndege iliyodondosha bomu la Hiroshima, pamoja na vitu vilivyoachwa na wahanga. Njia waliyotumia, ya kunyamazisha, siikubali. Lalamiko lenyewe lina msingi. Mnara wa kuwakumbuka Wakorea, ambao maelfu yao waliuawa Hiroshima, wengine wakiwa wamepelekwa huko kwa kazi za kulazimishwa, ulijengwa mwaka 1970 nje ya Bustani ya Amani, na ukaingizwa ndani mwaka 1999 tu.

Kwa maoni yangu, shutuma hizi zinazipata hafla zaidi ya sanaa, maana sanaa bora ilishazijibu. Wenzi wa Maruki walipopeleka paneli zao Marekani mwaka 1970, waliulizwa wangejisikiaje kama mchoraji wa Kichina angeleta Japani picha za mauaji ya Nanjing. Hawakukasirika. Walichora wafungwa wa kivita wa Kimarekani waliofia Hiroshima, wakachora maiti za Wakorea zilizoachwa kwa kunguru, na mwaka 1975 wakaichora Nanjing yenyewe. Huzuni yao haikupungua kwa kutaja dhambi za taifa lao. Ilipata uzito zaidi.

Sitaki kuipamba sanaa kupita kiasi. Mwaka 2008 kikundi cha wasanii kiliandika kwa moshi wa ndege, angani juu ya Hiroshima, neno linaloiga mmweko wa bomu, bila kuwashirikisha manusura, na kikalazimika kuomba radhi. Linganisha na Shule ya Sekondari ya Motomachi jijini humo, ambako tangu mwaka 2007 wanafunzi hukaa na manusura kwa miezi, wakichora na kufuta hadi mwenye kumbukumbu akubali. Manusura waliosajiliwa walishuka chini ya 100,000 mwaka 2025, kwa wastani wakiwa na zaidi ya miaka 86, hivyo muda wa kazi ya namna hiyo unakwisha.

Wapo wahusika ambao hata Maruki hawakuwafikia. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, ambako Wakongo waliichimba chini ya kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière. Wapo watakaosema kwamba kuwaingiza kunaipanua orodha ya wahanga hadi ikose maana, na hofu hiyo naielewa. Lakini wachimbaji hao walikuwa kiungo cha mnyororo wenyewe wa bomu, wala si jamaa wa mbali wanaotafutiwa nafasi kwa huruma. Ninachokiogopa mimi ni kuwashwa kwa taa za Shinkolobwe kabla ya kutafutwa majina. Daftari lililo chini ya mnara wa kumbukumbu ya wahanga wa Hiroshima lina majina yao zaidi ya 340,000, na bado linaongezwa kila mwaka. Kwa Katanga kazi hiyo inapaswa kuanzia kwenye nyaraka za kampuni nchini Ubelgiji na kwa wazee wa Likasi, mji ulio karibu na mgodi huo, kisha wachoraji na viongozi wa dini waitwe.