Juana wa Castile: mwendawazimu kwa faida ya nani?

Jana kuna mtu kwenye grupu letu la WhatsApp katupia klipu ya Juana, malkia wa Castile (ufalme uliokuwa sehemu ya Hispania ya leo), yule wanayesema alizunguka na maiti ya mumewe usiku kwa usiku. Chini vicheko kibao, na jamaa mmoja kamalizia eti ndo maana wanawake hawapewi nchi. Nikaandika jibu nikafuta, nikaandika tena nikafuta, bora nije nimwage huku maana kule ningetolewa.

Hivi mmeshajiuliza mashahidi wa huo wazimu ni kina nani? Wa kwanza mume. Walioana 1496 kule Flanders, Ubelgiji ya leo, binti hajafikisha hata miaka 17, na huyo Philip sura alikuwa nayo, utulivu hana. Juana akagundua mchepuko pale ikulu, inasemekana akamkata yule dada nywele. Haya, hakufanya vizuri. Ila Philip yeye akamwambia mtunza hazina Martín de Moxica awe anaandika vituko vya mke wake, leo kalia, leo kagoma kula, leo kafoka, halafu daftari likasafirishwa mpaka Hispania kwa wakwe. Yaani mwanaume achepuke, anayeandikiwa ripoti mke!

Mama yake, Isabella, akafariki 1504 na taji likaja kwa Juana, na hapo ndo ugonjwa ukachanganya, maajabu eh? Baba yake Ferdinand akalitumia lile daftari mwaka 1505 mbele ya bunge lililokaa Toro ili yeye aendelee kushika nchi. 1506 baba na mkwe, watu waliokuwa hawaivi kabisa, wakasaini mkataba wa Villafáfila, na ndani yake limo hili, kwamba Juana hafai kutawala. Kwenye nchi yake mwenyewe, na kikaoni hayupo.

Miezi haijapita mingi Philip akafa Burgos. Mjane ana miaka 26, ana mimba ya mtoto wa sita, anasafirisha jeneza akitaka mume azikwe Granada. Alitembea usiku, na jeneza alilifungua, hapo sibishi sana, na sisemi alikuwa mzima kama mimi na wewe. Kuna vipindi aligoma kula na kuoga, inaelekea huzuni ilimlemea kweli. Lakini huzuni ndo inyang'anye mtu nchi? Mtaani kwetu kuna mama alifiwa na mume, mashemeji wakaanza kusema kachanganyikiwa, anaongea peke yake, usiku halali. Hati ya nyumba ilipobadilishwa jina, akapona ghafla! Hakuna aliyemuulizia tena kama analala.

1509 baba akamfungia kwenye jumba moja mjini Tordesillas. 1516 baba akafa, ukadhani mtoto atamtoa mama yake, lakini Charles akaona pazuri hapohapo. Mlinzi aliyemweka, yule Marquis wa Denia, akawa anamdanganya Juana kwamba baba yake bado yuko hai. Halafu mnashangaa kwa nini alikuwa anaongea mambo yasiyoeleweka! Hata binti yake wa mwisho, Catherine, aliyekulia naye mlemle ndani, akachukuliwa 1525 kwenda kuolewa Ureno.

Ila linaloniuma ni la 1520. Waasi wa Comuneros, watu wa miji ya Castile, walimuasi Charles wakaiteka Tordesillas, wakamwendea mama, saini tu hapa malkia, nchi irudi kwako. Walimbembeleza, wakamkasirikia, wakambembeleza tena. Hakusaini. Kalamu iko mezani, sahihi moja ingemvuruga kabisa yule mtoto, naye akakataa kumwangusha, sasa hiyo akili ya mwendawazimu ni ipi? Waasi wakashindwa, Charles akashukuru kwa kumrudisha Denia palepale na kufunga mlango. Na miaka yote hiyo nyaraka za serikali zinaendelea kutoka kwa jina la Juana pamoja na lake, maana kisheria malkia alikuwa yeye. Jina lake zima, mwenyewe mgonjwa.

Akafa humo Aprili 1555, miaka 46 ndani. Mwaka uliofuata Charles naye, kachoka, gauti imemmaliza, akaachia mataji ya Hispania, akaenda kujifungia kwenye monasteri ya Yuste mpaka alipokufa. Yeye wanamwita mchamungu.