Mafiga matatu au kuchanganya kura? Hesabu ya mpiga kura wa Dodoma

Uchaguzi mkuu unapokaribia, vijiwe vya Dodoma hugawanyika pande mbili, na pande hizo si lazima ziwe CCM na upinzani. Wapo wanaosema ukishaamua chama, malizia huko huko: rais, mbunge, diwani. CCM iliipa hoja hiyo jina la mafiga matatu, na jina limekaa. Wengine wanasema karatasi ni tatu kwa sababu maamuzi ni matatu, kwa hiyo kila mgombea apimwe kivyake. Ubishi huu utaukuta Majengo kwenye kahawa, utaukuta kwa madalali wa mahindi Kibaigwa, na kwenye daladala za kwenda Chuo Kikuu cha Dodoma. Kwa kawaida huishia kwa mmoja kuambiwa amehongwa fulana.

Nianze na mafiga, maana wasomi wa mjini huidharau hoja hii haraka mno. Katiba yetu haikumtenga Rais na Bunge. Waziri Mkuu lazima awe mbunge wa jimbo kutoka chama chenye wabunge wengi, kisha Bunge limthibitishe. Mawaziri nao lazima wawe wabunge, na wabunge ambao Rais anaweza kujiteulia hawazidi 10. Sasa mchukue rais anayeingia Ikulu ya Chamwino akiwa na wabunge wachache nyuma yake. Waziri Mkuu atatoka kwa mahasimu wake, bajeti yake itapitishwa na watu wanaomwombea ashindwe, na wakiikataa, njia aliyobakiwa nayo ni kulivunja Bunge, jambo linalomrudisha na yeye mwenyewe kwa wapiga kura. Hiyo si nchi ya kutawalika kirahisi.

Ndiyo maana nasema anayetaka mabadiliko Ikulu anayahitaji mafiga kuliko hata CCM. Mwaka 2015 Edward Lowassa, aliyehamia Chadema baada ya jina lake kukatwa kwenye vikao vya CCM hapa hapa Dodoma, alipata asilimia 39.97 dhidi ya 58.46 za John Magufuli. Mgombea wa upinzani hajawahi kutangaziwa kura nyingi kiasi hicho tangu vyama vingi virudi. Lakini wabunge wa majimbo wa Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani uliomsimamisha, hawakukaribia hata nusu ya Bunge. Tuseme angeshinda: angeunda serikali na nani? Waliompigia Lowassa urais kisha wakampa kura ya ubunge mtoto wa nyumbani wa CCM hawakujiuliza swali hilo.

Tatizo ni kwamba hoja hii nzuri hailetwi hivyo jukwaani. Inaletwa kwa vitisho: mkichagua mpinzani, maji hamtayaona. Hapo inaharibika. Barabara za vijijini na za mitaa tangu 2017 ziko chini ya TARURA. Maji vijijini yako chini ya RUWASA, mjini DUWASA. Hizo ni taasisi za serikali, zina mameneja na bajeti zao, na mbunge awe wa chama gani atapiga hodi kwenye mlango ule ule. Mfuko wa jimbo nao, kwa sheria ya 2009, unakwenda kila jimbo, na mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge aliyepo, kijani au si kijani. Je, mkubwa fulani anaweza kuchelewesha mradi ili kuwakomoa watu? Anaweza, na hofu ya wazee wa Bahi na Chamwino haikutoka hewani. Ila kumpa kura mtu ili asikukomoe ni jambo moja, na kumpa kura kwa sababu atakufaa ni jingine kabisa.

Upande wa kuchanganya una hoja yake kubwa, nayo ni usimamizi. Huambiwa kwamba bila wapinzani bungeni hakuna wa kuhoji. Historia ya jengo letu hili la Bunge inasema jambo gumu kidogo. Februari 2008 kamati teule iliyochunguza mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, ikiongozwa na Harrison Mwakyembe, mbunge wa CCM, chini ya Spika wa CCM Samuel Sitta, ilisoma taarifa iliyomfanya Waziri Mkuu Lowassa ajiuzulu. Hilo lilitokea katika Bunge ambalo CCM ilijaa tele. Kisha Novemba 2014 ikaja Escrow ya Tegeta, kashfa ya fedha za umeme zilizochotwa Benki Kuu. Kamati ya Hesabu za Serikali iliongozwa na Zitto Kabwe, aliyeingia bungeni kwa Chadema, na makamu wake alikuwa Deo Filikunjombe wa CCM. Mwanasheria Mkuu alijiuzulu, waziri mmoja akafutwa kazi, mwingine akaachia ngazi mwezi Januari.

Kwa hiyo mbunge wa chama tawala anaweza kuwa na meno. Ila mwangalie aliyemshikia kamba. Katiba inasema mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama chake, kiti kimekwenda. Mwaka 2017 wabunge wanane wa viti maalumu wa CUF walipoteza viti vyao baada ya kufukuzwa na uongozi wa Profesa Lipumba, mwenyekiti wa chama hicho. Kumbe kamba yenyewe hukaza na kulegea kwa kutegemea nani kaishika: wanawake 19 wa Chadema walioapishwa Novemba 2020, na chama chao kikasema kimewafukuza, waliendelea kukaa bungeni. Mbunge anayejua hayo atahoji hadi mahali fulani, kisha atakumbuka kura za maoni.

Kura za maoni zenyewe ndizo zinazowauma wafuasi waaminifu wa mafiga. Kwenye majimbo ya mkoa huu ambako CCM imezoea kushinda, mchuano wa kweli huishia ndani ya chama. Baada ya kura za maoni za 2020, nchi nzima ilikuwa ikisema "wajumbe si watu", yaani wale wanaopiga kura hizo ndani ya chama, na walioisema kwa uchungu kuliko wote walikuwa wana-CCM. Hata anayeongoza kwa wajumbe hana uhakika, maana vikao vya juu vina neno la mwisho. Mpiga kura wa mafiga anakuwa amekubali mapema mtu ambaye hajamjua bado.

Na mtu safi asiyetaka chama? Hana mlango. Mchungaji Christopher Mtikila alifungua shauri la mgombea binafsi katika Mahakama Kuu hapa Dodoma, na mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira akampa haki. Bunge likabadili Katiba mwaka huo huo ili kuuziba mlango huo. Akashinda tena Mahakama Kuu 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni la wanasiasa kuamua, na 2013 Mahakama ya Afrika kule Arusha ikasema Tanzania imekiuka haki zake. Alifariki kwa ajali Oktoba 2015, sheria ikiwa ile ile. Anayekwambia "chagua mtu, si chama" anasahau kwamba karatasi ya kura haina mtu asiye na chama.

Lipo pia la mwaka 2025, nalo siwezi kuliruka. Chadema haikusaini maadili ya uchaguzi ikaenguliwa, mwenyekiti wake Tundu Lissu, mwana wa Ikungi jirani zetu wa Singida, akawa mahabusu kwa kesi ya uhaini, na Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo akakosa kuteuliwa kugombea urais. Rais Samia akatangazwa mshindi kwa asilimia 97.66, baada ya siku ya kura iliyojaa maandamano, vifo na kuzimwa kwa intaneti. Mjadala wa kuchanganya unadhani kuna vya kuchanganya. Pale ambapo havipo, wanaobishana kijiweni wanabishania menyu ya mgahawa uliofungwa, na sioni ujanja wa mpiga kura mmoja mmoja wa kulitatua hilo.

Vikiwepo, mimi ningegawa hivi: rais na mbunge wapimwe pamoja, chama kikiwa na uzito mkubwa, kwa sababu ya Waziri Mkuu na bajeti nilivyoeleza. Diwani atolewe kwenye mafiga. Hapa Dodoma hilo lina sababu yake, nayo ni ardhi. Kwa zaidi ya miaka 40 ardhi ya mji huu ilikuwa mikononi mwa CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, chombo cha 1973, na hati za miaka 33 na migogoro isiyokwisha. Mei 2017 Rais Magufuli akakivunja, kazi zikaenda manispaa, ambayo sasa ni jiji. Maana yake viwanja, upimaji na urasimishaji vinapita mbele ya baraza la madiwani. Baraza hilo hilo ndilo linalosimamia asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Ni kweli mkurugenzi huteuliwa na Rais na anaweza kumzungusha diwani mbishi. Lakini diwani asiyeuliza hazungushwi, kwa sababu hana anakokwenda.

Mgombea udiwani anayeijua ramani ya mipango miji ya kata yake, anayeweza kusema fidia ya walioondolewa imefika wapi, ningempa kura hata akija na bendera ambayo rais wake simpigii. Kinachonikera ni kwamba mikutano ya udiwani hapa kwetu huisha muziki unapozimwa, na mama akinyanyuka kuuliza kiwanja chake, anajibiwa kwamba kwanza tumchague rais, mengine yatafuata.