Charley Pride hakubebwa na bahati

Kuna mwandishi anayesema Charley Pride, mwimbaji wa kantri wa Marekani, aling'ara Nashville, kitovu cha muziki huo, kwa bahati tu. Hapo sikubali hata kidogo. Mtoto huyu wa wakulima wa pamba wa Sledge, Mississippi, alicheza besiboli katika ligi za Weusi, kisha akavuja jasho kwenye kiwanda cha kuyeyusha madini huko Montana, usiku akiimba baa. Hata kampuni ya rekodi ya RCA ilipomchukua, rekodi zake za mwanzo mwaka 1966 zilipelekwa redioni bila picha, watangazaji wasijue ni mweusi. Bahati gani hiyo? Kufikia 1971 alikuwa mtumbuizaji bora wa mwaka wa CMA, chama cha muziki wa kantri Marekani, na sauti ile nzito, tulivu, ilishastahili zamani! Nyie mliolelewa na kantri ya redio Kenya, mlijua tangu mwanzo kuwa ni mweusi mwenzetu?