Zitto Kabwe bungeni: tumpime kwa kura ipi?

Fungua Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, ya Bunge la Tanzania ya siku yoyote muswada ulipopitishwa, utakuta maneno yale yale: "Hoja ilitolewa iamuliwe", na chini yake, "Hoja iliamuliwa na kuafikiwa". Nani aliafiki na nani alikataa, huambiwi. Spika anahoji, hawa wanaitikia ndiyo, wale siyo, naye anaamua kwa kusikiliza sauti. Bajeti kuu ndiyo huwa na utaratibu tofauti: majina yanaitwa moja moja na kila mbunge anajibu mwenyewe. Hata hapo wengi hufuata chama chao, kwa hiyo jibu halikuelezi sana mtu alivyo.

Ndiyo maana ubishi kuhusu Zitto Kabwe umekuwa kama wa Simba na Yanga. Kuna wanaomwona mbunge hodari kuliko wote waliotoka upinzani, na kuna wanaosema siku zote alikuwa akijijenga mwenyewe. Alikaa bungeni kuanzia 2005 hadi 2020, ukiondoa miezi ya 2015 alipokuwa nje ya chama kimoja na hajachaguliwa kupitia kingine. Kwa kuwa kura zake nyingi zimepotea katika kelele za ukumbi, tutazame hoja alizoziweka mezani na kamati alizoziongoza.

Aliingia kutoka Kigoma Kaskazini kwa tiketi ya CHADEMA akiwa na miaka 29. Agosti 2007 akapeleka hoja ya kuundwa kamati teule ichunguze mkataba wa mgodi wa Buzwagi, uliosainiwa London na Waziri Nazir Karamagi. Bunge likamwona amesema uongo, likamsimamisha hadi Januari 2008. Kabla adhabu haijaisha, Rais Kikwete akamteua kwenye kamati ya Jaji Mark Bomani ya kupitia sekta ya madini. Wapo wenzake waliokunja uso wakiona amenunuliwa. Mimi nasema alifanya sawasawa kwenda. Kazi ya kamati ile ilichangia Sheria ya Madini ya 2010, iliyopandisha mrabaha wa dhahabu, yaani malipo ya mchimbaji kwa serikali, kutoka asilimia 3 hadi 4 na kuanza kuutoza kwenye thamani ghafi. Anayelalamikia mikataba kisha akakataa kukaa panapoandikwa sheria, analalamika tu.

Dowans ndiyo hoja nzito zaidi ya wanaomlaumu, na haifai kuipita haraka. Kashfa ya Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa umeme wa dharura, ilikuwa imemwangusha Waziri Mkuu Edward Lowassa Februari 2008, na mitambo ya Ubungo ilikuwa mikononi mwa Dowans, iliyorithi mkataba ule ule. Mwaka 2009 TANESCO, shirika la umeme la taifa, ikataka kuinunua mitambo hiyo. Kamati ya nishati chini ya William Shellukindo ikakataa. Zitto, akiwa mwenyekiti wa kamati ya hesabu za mashirika ya umma, akaunga mkono ununuzi. Watu waliokuwa wamempokea kama shujaa wa Buzwagi hawakuelewa. Ununuzi ukaachwa.

Kilichofuata kinamtetea kwa kiasi. Novemba 2010 mahakama ya usuluhishi ya kimataifa iliamuru TANESCO ilipe Dowans mabilioni ya shilingi kwa kuvunja mkataba. Mwaka 2011, nchi ikiwa gizani kwa mgawo, mitambo ile ile ilinunuliwa na Symbion ya Marekani na TANESCO ikaanza kununua umeme wake. Tulikataa kuwa na mitambo, tukaishia kuilipia kwa mwingine. Kwa hesabu, Zitto alikuwa sahihi. Lakini wananchi wakati ule walikuwa wanauliza nani hasa mmiliki wa Dowans, na kumlipa mtu kabla hujajua ni nani ni kulifunga faili kabla ya kulisoma. Zitto alijibu swali la megawati, la mmiliki akaliacha likielea. Hilo ni kosa lake, na nalihesabu.

Upande wa pili wa mizani naiweka kashfa ya Escrow. Mbunge mwenzake wa Kigoma, David Kafulila, ndiye aliyelipigia kelele kwanza suala la zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow, ya kutunzia fedha zenye mgogoro, iliyokuwa Benki Kuu. Novemba 2014 Zitto, sasa mwenyekiti wa PAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali, na makamu wake Deo Filikunjombe wa CCM, waliwasilisha ripoti iliyojengwa juu ya ukaguzi wa CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali. Mpinzani na mbunge wa chama tawala wakasema kitu kimoja, kwa nyaraka. Mwanasheria Mkuu Frederick Werema akajiuzulu, Profesa Anna Tibaijuka akaondolewa, na Januari Profesa Sospeter Muhongo akafuata. Kabla ya hapo, Aprili 2012, Zitto alikuwa amekusanya saini za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Pinda. Hoja haikujadiliwa, lakini siku chache baadaye mawaziri 6 waliachwa nje ya baraza.

Ugomvi wake na CHADEMA sitaukalia. Alivuliwa nyadhifa Novemba 2013, akatoka Machi 2015, akakijenga chama cha ACT-Wazalendo na kurudi bungeni akiwa mbunge pekee wa chama hicho, safari hii wa Kigoma Mjini. Kama aligawa upinzani au alisukumwa nje, kila upande una maelezo yake.

Ninapomlaumu bila kusita ni Januari 2020, alipoiandikia Benki ya Dunia izuie mkopo wa elimu wa dola milioni 500. Sababu yake kubwa, wasichana waliopata mimba kufungiwa shule, ilikuwa ya haki kabisa. Serikali yenyewe iliwafungulia milango Novemba 2021. Lakini fedha zile zilikuwa za madarasa ya watoto ambao hawakuwa na kosa, wakiwemo wa huko kwao Kigoma, mwisho wa reli. Mkopo uliidhinishwa Machi 31.

Ukiniuliza, Escrow inaizidi Dowans uzito, na barua ile inapunguza kidogo. Hiyo ni hesabu yangu, na nimeweza kuipiga kwa sababu Zitto aliacha karatasi. Wengi hawakuacha chochote. Mabadiliko ya Sheria ya Vyama vya Siasa, aliyoyapinga hadi mahakamani, yalipitishwa Januari 2019 yakimpa Msajili madaraka makubwa juu ya vyama. Ukimwendea leo mbunge aliyekuwemo ukumbini siku ile ukamuuliza aliitikia nini, anaweza kukujibu apendavyo. Bunge linalomudu kuita jina la kila mbunge kwenye bajeti lingemudu kuyaita na siku ile.